Nungwi, Jambiani au Pemba: kabla hujakata tiketi angalia mwezi

Wifi yangu wa Dodoma kanipigia juzi usiku. Wanataka kuja likizo huku kwetu Zanzibar, yeye na kaka na watoto watatu, mdogo kabisa ana miaka minne, na safari hii wanamleta na mamaake mzazi, bibi wa miaka sabini na kitu ambae hajapata kutia mguu baharini maisha yake yote, halafu kuna na mdogo wake wa kiume yuko chuo, anataka kujifunza kuteleza juu ya maji akivutwa na lile kaiti la upepo aloliona kwenye simu. Swali lake fupi: "Wifi, Nungwi, Jambiani au Pemba, twende wapi?" Nikamjibu zote nzuri. Simu ilipokatika nikaona sijamsaidia kitu, maana familia kama ile ukiipeleka pahala pasipo pake pesa walojinyima mwaka mzima inaishia kukaa chumbani kuangalia tivii. Kwaiyo naandika kwa kirefu, asome yeye na wasome na wengine mnaoniuliza kila likizo ya skuli na kila sikukuu ikikaribia.

Mie nimezaliwa hapa Mjini, Ng'ambo, kwa mamaangu ni Jambiani na nimeolewa na mtu wa Wete, Pemba, na Nungwi ndo tunapowapeleka watoto wakifunga skuli. Kote napapenda na kote nishawahi kupeleka wageni.

Kwanza kabisa, watu wengi wanachagua hoteli. Wanaangalia picha, kitanda kina chandarua cheupe, bahari ya buluu imejaa mpaka kwenye ngazi, wanalipa. Picha ile haikwambii imepigwa saa ngapi! Miaka michache nyuma jamaa zetu wa Morogoro walikodi nyumba upande wa mashariki, wakaambiwa hatua kumi tu kutoka baharini, na kweli ilikuwa hatua kumi, ila walifika saa nne asubuhi siku ya bamvua, zile siku maji yanakauka sana, wakakuta mchanga mtupu na majani, mitumbwi imelala ubavu, bahari ni mstari mweupe kule mbali, na watoto washavaa nguo za kuogelea wamesimama wanamuangalia baba yao. Yule baba alikasirika akajua katapeliwa. Hakutapeliwa, hakupata tu mtu wa kumueleza habari ya maji, na wangesubiri mpaka saa kumi jioni wangeogelea hapohapo mlangoni.

Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mchanga na ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanajaa sana na yanakauka sana, tofauti ya juu na chini inafika mita 3 mpaka 4. Mwezi ukiwa nusu, yaani mwezi saba au nane na tena ishirini na mbili au ishirini na tatu kwa tarehe zetu za Kiislamu, ni maji mafu, hayajai sana wala hayakauki sana. Siku za bamvua hapa kwetu maji hukauka kama saa nne saa tano asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu inageuka, asubuhi ya saa nne maji yako juu, jioni ndo yameshuka. Iddi el Fitri siku zote ni mwezi mosi kwaiyo siku zote inaangukia kwenye bamvua, ndo maana siku ile asubuhi ukienda pwani ya mashariki pakavu na jioni watoto wote wamo majini. Iddi ya kuchinja ni tarehe kumi ya Kiislamu, maji hujaa kama saa sita saa saba mchana. Ukishajua hivo tu unaweza kupanga safari ukiwa Dodoma kwako umekaa.

Sasa hizo sehemu tatu zinavotofautiana.

Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya Unguja, na ukishuka kidogo upande wa magharibi ndo Kendwa. Pale pwani inashuka kwa haraka, kwaiyo hata maji yakipwa bahari hairudi mbali, utatembea hatua chache tu ushaogelea, saa yoyote, bamvua au maji mafu. Mchanga laini, mawe machache. Hii peke yake ndo sababu ya kumwambia mwenye watoto wadogo aende huko, maana mtoto wa miaka minne huwezi kumwambia subiri mpaka saa kumi. Jambiani na Paje, upande wa mashariki, ni kinyume chake. Kule mwamba uko mbali nje, ndani yake ni kama sahani pana, maji yakipwa unaweza kutembea kilomita nzima na zaidi hujafika kwenye mawimbi. Mtu aliezoea Nungwi anaona kama bahari imekufa, lakini mie kwa damu ya mamaangu nakwambia hapo ndo Jambiani inapoamka. Kina mama wanashuka na kamba zao na mambo zao, yaani vijiti vya kuchomeka, kwenye mashamba ya mwani, wanafunga mbegu, wanavuna, wengine wanatafuta pweza na chaza, watoto wanakimbiza kaa, na wewe unatembea katikati ya yote hayo maji yamekufika kwenye kifundo cha mguu.

Mwani wa biashara ulianza huko Paje na Jambiani mwaka 1989 ukaenea pwani nzima, na wakulima wake wengi ni wanawake. Watu hawajui kwamba ile dawa ya meno wanayopigia mswaki asubuhi na aiskrimu wanayowanunulia watoto inaweza kuwa na kitu kilichotoka kwenye mwani wa aina hii, unakaushwa, unapelekwa nje, unatolewa ute wake wa kugandishia. Ile aina ya bei nzuri, kotonii, siku hizi inasumbua sana karibu na ufukwe maana maji yamekuwa ya moto, inaoza, kwaiyo wengi wamebaki na ile ya bei ndogo. Ndo maana sabuni na mafuta ya mwani wanayotengeneza wenyewe nawaomba wageni wangu wanunue, ile pesa inaingia moja kwa moja mkononi mwa mtu alokaa na maji kiunoni saa nne tano. Na tafadhali sana usikanyage kamba zao, na ukitaka kupiga picha uliza kwanza, toa shikamoo halafu uliza.

Nirudi kwa bibi wa Dodoma. Mtu mzima mwenye magoti mabovu ambae hajawahi kuiona bahari, mie ningemtaka aione imejaa, na aweze kukaa kwenye kiti cha makuti maji yakamfuata miguuni. Kendwa anaweza, saa yoyote. Jambiani anaweza pia lakini kwa saa maalumu, na akitaka kutembea wakati wa maji makavu kuna majani yanateleza na kuna vile vidude vyeusi vya miiba, bila viatu utalia. Viatu vya mpira vya kuvaa majini muhimu kwa kila mtu huko mashariki, hata mtoto. Na jengine, maji yakianza kurudi hayaji kama mstari mmoja ukayaona, yanapita kwenye mikondo, unaweza kushtukia uko kwenye fungu la mchanga na nyuma yako pashajaa. Wenyeji wakianza kurudi na wewe rudi.

Lakini Nungwi nayo ina yake. Usiku kelele, hasa Kendwa mwezi ukiwa mpevu kuna madisko ya pwani mpaka alfajiri, kwaiyo ukija na mama mzee na watoto zipishe zile siku mbili tatu za mwezi kumi na nne na kumi na tano. Bei za vyakula kwenye mahoteli ya ufukweni zimepanda, na papasi ni wengi, huyu anauza kanga huyu safari ya kisiwa cha Mnemba huyu viungo, ukimjibu mmoja kwa adabu "ahsante ndugu yangu, leo sitaki" huwa wanaelewa, ukimpuuza au ukamfokea ndo atakufuata. Ukiingia ndani ya kijiji kidogo tu, mbali na hoteli, utapata chapati na maharage ya nazi na samaki wa kukaanga kwa bei ya kawaida kabisa.

Kitu cha Nungwi ambacho sikikosi ni mafundi wa majahazi. Wako pale ufukweni chini ya miti, wanachonga mataruma, yaani mbavu za jahazi, kwa tezo, wanakalafati, yaani wanaziba nyufa, kwa pamba iloloweshwa mafuta, jahazi zima linasimama bila mchoro wowote wa karatasi, lote limo kichwani mwa fundi. Likiwa tayari kijiji kinaitwa kulishua, watu wanavuta kamba na kuimba. Mwanangu mkubwa alikaa pale siku nzima mwaka juzi akasahau hata kula. Halafu kuna kasa wa Mnarani kwenye lile bwawa la asili linaloingia maji ya bahari, watoto wanawalisha mwani.

Kijana wa kaiti huyo hana mjadala, Paje. Ni jirani na Jambiani, daladala dakika chache, hata bodaboda. Skuli za kaiti zimejaa pale kwa sababu ya lile sahani la maji mafupi nilolisema, mtu akianguka anasimama, na kwa sababu ya pepo zetu mbili. Kusi hupiga Juni mpaka Septemba, kaskazi Disemba mpaka Februari hivi. Zikipiga anaetaka kaiti anafurahi, na anaetaka kuota jua kimya kimya Paje anakereka maana mchanga unaruka na ufukwe unajaa kamba za watu. Wakati wa kusi upande wa Kendwa maji yanatulia kama ya birika, kisiwa chenyewe kinazuia upepo. Kaskazi ikivuma inageuka, upande wa mashariki wa Nungwi unachafuka na Kendwa pia kidogo. Machi mwisho mpaka Mei ni masika, mvua za kweli kweli, hoteli nyingine zinafunga na zilobaki zinashusha bei, mwenye subira anaweza kuja lakini si kwa watoto.

Pemba sasa.

Mume wangu ananiambia kila siku nyie watu wa Unguja mnaitaja Pemba mwisho kama nyongeza. Ni kweli, na nitajitahidi nisifanye hivo, lakini lazima niseme wazi: kama hii ndo mara yako ya kwanza baharini, una siku tatu nne na watoto wadogo, Pemba usiende. Sio kwamba si nzuri, ni kwamba Pemba haina ufukwe mlangoni. Imezungukwa na mikoko na ghuba na visiwa vidogo vidogo, miji yake mitatu, Chake, Wete na Mkoani, ni miji ya watu wanaoishi maisha yao, sio ya wageni, kwaiyo kila ukitaka kuogelea unakodi gari au boti. Ukitoka Wesha karibu na Chake unakwenda Misali, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1998, matumbawe yake hai, maji unaona chini kabisa. Ukielekea kaskazini unapita msitu wa Ngezi, miti mirefu imefunga anga, unatokea Vumawimbi, mchanga mweupe unaondoka mpaka macho yanachoka na mara nyingine hakuna mtu hata mmoja, ni nyinyi na wavuvi wawili watatu. Ukitaka soda umebeba mwenyewe.

Unguja imetengana na bara kwa maji ya kina kidogo, lakini mkondo kati ya Pemba na bara unashuka mita 700 na zaidi. Ndo maana wapiga mbizi wanaijua Pemba kuliko sisi, na ndo maana jodari na nduaro wanapita karibu. Na nchi kavu yake ni vilima na mabonde, kijani kila pahala, Waarabu waliita Al Jazira al Khadhra, kisiwa cha kijani. Kuanzia Julai hivi mavuno ya karafuu yakianza, kila uwanja na kila ukingo wa barabara umetandikwa majamvi, karafuu zinaanikwa, harufu inakupokea bandarini kabla ya mwenyeji wako. Usiku pale Wete barazani na halua na kahawa chungu, hakuna muziki, hakuna papasi, watu wanazungumza mpaka usingizi unawachukua. Mie kwa kupumzika hasa, kupumzika kwa mtu mzima aliechoka na kazi, sijaona kama Pemba. Na kwenye Ngezi kuna popo wakubwa wa Pemba, hawako pahala pengine popote duniani, jioni wanaruka kama kunguru.

Njia yake ndo inataka hesabu. Kutoka Dar mpaka Unguja boti ya mwendo kasi ni kama saa mbili, mtu amekaa kwenye kiti. Kutoka Unguja mpaka Pemba ni ndege ndogo kama nusu saa au boti inayopita mkondo wa Nungwi, na mkondo ule wakati wa kusi unatikisa mpaka alozoea anatafuta mfuko. Sisi hapa hatujasahau Septemba 2011, meli ilizama kwenye mkondo huohuo ikienda Pemba usiku imejaa kupita kiasi, kila mtaa uliguswa. Kwaiyo safiri, lakini safiri mchana, kata tiketi mapema, na ukiona chombo kimejaza watu mpaka vijiani shuka, kesho kuna chombo kingine. Mama mzee asieizoea bahari mpeleke kwa ndege au msimpeleke.

Unguja ndani ya kisiwa ni rahisi. Nungwi ni daladala 116, Jambiani 309, zinakwenda polepole zinapakia magunia na kuku lakini zinafika, kama saa moja na nusu mpaka mbili. Familia ya watu saba na mabegi kodini gari moja, mkigawana haiumi. Watanzania njooni na vitambulisho, bila hicho tiketi ya boti shida. Kama kuna ndugu anakuja kutoka nje na si Mtanzania ajue tangu 1 Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 mtu mzima, anailipia kwenye intaneti kabla hajafika, ile bima alokata kwao haihesabiwi.

Kingine ambacho upande wa Jambiani unaizidi Nungwi ni vitu vya karibu vya kuona siku ya upepo au siku bahari imekauka wakati mbaya. Msitu wa Jozani uko njiani, kima punju wanakaa kwenye matawi juu ya vichwa vya watu. Kizimkazi kuna msikiti ulochongwa maandishi kwenye kibla mwaka 500 wa Hijria, ndo 1107, na bado unasaliwa, ingieni kwa stara na muombe ruhusa. Julai Makunduchi kuna Mwaka Kogwa, wanaume wanapigana kwa vigomba vya migomba kumaliza visirani vya mwaka na kibanda kinachomwa moto, na mgeni siku ile anakaribishwa kila nyumba, kukosa mgeni wa kumlisha ni huzuni. Nungwi ukishaona majahazi na kasa, ukitoka kuogelea unarudi kuogelea.

Na popote mtakapokwenda, usiku mmoja wa kwanza au wa mwisho lalani Mji Mkongwe. Umo kwenye urithi wa dunia tangu 2000 lakini mie sisemi kwa sababu hiyo. Nasema kwa sababu ya Forodhani baada ya magharibi, watoto wa mtaani wanajirusha baharini kutoka ukutani, bakuli la urojo na bajia na kachori na chatne ya nazi, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Samaki wa pale uliza bei kabla hajawekwa kwenye sahani.

Mavazi: ufukweni kwenye hoteli vaa utakavyo, ukiingia kijijini jifunike kanga, Nungwi, Jambiani na zaidi Pemba. Ramadhani mchana usile barabarani hata kama hufungi.

Haya wifi, sasa lako. Kwa watoto na mama, Kendwa au Nungwi upande wa magharibi, siku nne, mje Julai au Agosti kusi ikiwa inavuma kule mashariki na kwenu kumetulia. Mdogo wako ashuke Paje peke yake kwa siku tatu, keshakuwa mtu mzima, ana simu, na ndugu zetu wa Jambiani watamlaza. Siku ya tano mumfuate wote, mkakae Jambiani siku mbili, na hizo siku mbili nataka ziangukie kwenye maji mafu, tarehe saba mpaka tisa za Kiislamu, ili asubuhi mama akitoka na chai yake akute maji yako palepale mbele ya nyumba. Kaka anasema anataka Pemba, mwambie mwakani, nyie wawili tu, watoto waacheni kwangu.

Mama mwambie aje na kanga mbili za kulowana, na asinunue ndala mpya huko Dodoma, hapa sokoni Darajani kuna viatu vya majini vya saizi yake.